Giza la Dakika Moja na Nusu

Kwa vile mmeshamiminiwa chai na hakuna anayekimbilia mahali, wacha niwasimulie mwenyewe, maana najua mmeshasikia ile ya sokoni ambayo imeongezwa chumvi mpaka haimezeki, na aibu ikishakuwa yangu ni heri niitoe kwa mdomo wangu. Ni kweli. Nilionekana na ukumbi mzima nikiwa nimepiga magoti katikati ya jukwaa, makalio yameelekea wageni waheshimiwa, tepu nyeusi ya stima mdomoni, na soksi moja imetoboka kisigino. Mpaka leo nikipita soko la Khayega kuna mama mmoja wa ndizi ambaye hanisalimii kwa mdomo kama watu wengine. Ananyanyua tu mkono mmoja juu, polepole, anaugeuza kiganja hivi, halafu anacheka mpaka anashikilia meza yake isianguke. Huo mkono mtauelewa tukifika.

Kazi yangu mnaijua, ni taa. Harusi, mahafali, mikutano ya injili, hata ile siku diwani alipozindua choo cha soko nilifunga taa mimi (choo kilipendeza, sitaki kudanganya). Nilianza na taa mbili na waya mmoja wa kuazima, sasa ninazo nane zile za duara zinazobadilisha rangi, na bodi yake ya kuziamrisha. Mjini Kakamega ukiuliza Madam Taa utaletwa kwangu. Kwa hiyo kichwa kilikuwa kikubwa kidogo, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Ayuma ni binti ya kaka yangu mkubwa, yaani mimi ni senje wake, na nyinyi mnajua kwetu senje si jina la kupambia salamu. Mtoto wa kaka yako akiharibika unaulizwa wewe, akiolewa unaulizwa wewe, akinyoa nywele vibaya unaulizwa wewe. Kaka alihamia Lumakanda zamani, ana shamba lake la mahindi, ni mzee wa kanisa, na ni mtu wa maneno machache sana. Ayuma alikuwa chuo cha ualimu, akasoma nusu, halafu mwaka jana akatoka akaja kwangu na begi moja, akasema yeye ni mchezaji wa densi. Si ya harusi, si isukuti yetu ya ngoma, ni densi ya kisasa, ile ambayo mtu anaweza kusimama dakika nzima akigeuza bega tu na unaambiwa hapo kuna jambo kubwa linaendelea.

Kaka hakupiga kelele (heri angepiga). Alinipigia simu.

"Imali," akasema, "huyu mtoto yuko kwako hapo. Nasikia anarukarukanga na wenzake wawili kwa holi. Hiyo ni kazi?"

"Ni kazi, kaka. Njoo uone na macho yako."



"Nitakuja mara moja tu," akasema. "Nikiona ni kazi, nitanyamaza. Nikiona ni mchezo, narudi na yeye Lumakanda siku hiyo hiyo, na Januari yuko chuo. Na wewe ndio umeniita, sawa?"

Nikamwambia sawa. Tena kwa kiherehere changu nikaongeza kwamba asiwe na wasiwasi, taa nitazipanga mimi mwenyewe. Hakuwa ameuliza habari za taa.

Nilipomweleza Ayuma, alikaa kwenye kiti cha jikoni. Kisha akasema, "Senje, kama akinirudisha, mimi sitadansi tena. Najijua. Nitafundisha tu na nitazeeka." Hakusema kwa kulia, alisema kama mtu anayesoma tangazo, na mimi moyo uliniuma kweli, nikaapa kwamba zile taa zitakuwa taa ambazo Kakamega haijawahi kuona. (Hilo nilitimiza.)

Siku ya kwanza ya mazoezi nikafika ukumbini na vyombo vyangu, nikawasha zote nane kwa mbele kama ninavyofanya harusini, zambarau na waridi, zinazunguka taratibu. Ayuma na wenzake wakasimama katikati wakitazamana. Akanijia, akanishika mkono kwa heshima zote.

"Senje," akasema, "sisi si keki."

Nilikasirika dakika tano hivi, halafu nikamwacha anifundishe. Akanieleza kwamba taa ya mbele inamlainisha mtu mpaka anakuwa kama picha ya kalenda, lakini ukiishusha chini na kuiweka pembeni, usawa wa goti na wa kiuno, utaona kila msuli ukifanya kazi. Tukajaribu. Jamani! Msichana yule yule, jukwaa lile lile, nikahamisha taa mbili tu nikaziweka mkono wa kushoto, rangi ya manjano ya asubuhi, na mgongo wake ukaonekana kama mgongo wa marehemu mama yetu akipalilia. Na kumbe ndiyo habari yenyewe ya ile densi: nyanya yake, shamba, na jembe, ingawa jembe halikuwepo. Tangu siku hiyo nikawa nakuja na daftari. Naandika: mkono wa kulia ukipanda, manjano iingie kwa kuhesabu mpaka nne, wakianguka, ikatwe mara moja. Sikuwahi kupenda kazi yangu hivyo, na sioni haya kulisema.

Densi ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza asubuhi shambani, taa za pembeni. Ya tatu Ayuma peke yake chini ya taa moja nyeupe kutoka juu. Na katikati, sehemu ya pili, ilikuwa giza. Giza tupu, dakika moja na nusu, muziki umezimwa, watu wasikie nyayo na pumzi tu, maana nyanya alikuwa akiamka kabla hakujacha na hakuna aliyewahi kumwona akianza kazi, walimsikia tu. Ayuma aliponieleza hilo nililia kidogo, nikasingizia vumbi la pazia.

Sasa onyesho lilikuwa saa tisa mchana, na ukumbi ule una madirisha makubwa kila upande. Nikatafuta ile nailoni nyeusi ya wakulima ya kufunikia chakula cha ng'ombe, nikapanda juu ya meza, nikaziba dirisha moja baada ya lingine na tepu, nikaziba mpaka tundu la ufunguo. Nikazima kila kitu, nikanyoosha mkono mbele ya uso. Sikuuona. Nililionea fahari lile giza kuliko taa zangu zote.

Shida ndogo ilikuwa moja. Ile taa nyeupe ya juu haikuwa na tundu lake la stima, kwa hiyo wakati wa giza ilibidi mimi mwenyewe nivue viatu, nitembee hatua kumi na mbili jukwaani, nipige magoti, nichomoe plagi ya taa moja ya pembeni na kuchomeka ya juu, niifunge na tepu isichezecheze, kisha nirudi kwenye bodi. Nilifanya mazoezi mara tatu, hakuna aliyenisikia.

Asubuhi ya siku yenyewe MC akanijia. Ni Shitanda, yule ambaye nimefanya naye harusi nyingi mpaka watu wengine wanadhani tumeoana. Ana daftari lake la matangazo.

"Madam, hapa katikati kuna giza. Niwaambie watu mapema kwamba hiyo giza ni ya densi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo. Ningejibu "ndiyo, Shitanda, waambie" leo ningekuwa nasalimiwa vizuri Khayega. Lakini nilikuwa nimeshaona video mbili tatu kwenye simu za watu wakieleza habari za taa za jukwaa, kichwa kimejaa, nikamtazama kama mtu anayemhurumia mwenzake.

"Usiwaambie," nikasema. "Sanaa haielezwi."

Akasema haya. Aliondoka akiandika.

Saa nane na nusu kaka akaingia. Suti ya kijivu, ile ya meza ya Bwana, na begi kubwa tupu limekunjwa chini ya kwapa. Nilipoliona lile begi nikaelewa bila kuambiwa, alikuja nalo la kubebea nguo za Ayuma. Akanisalimia, akakaa mstari wa mbele katikati kabisa, akaliweka begi magotini na mikono juu yake. Ukumbi ulijaa: walimu, watu wa kanisa langu, vijana wa mjini, akina mama waliokuja kwa sababu walisikia kuna chai.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri jamani, sitaki kuwapunja wale wasichana. Manjano iliingia kwa kuhesabu mpaka nne, migongo ikainama pamoja, na nikamchungulia kaka, nikaona amesogea mbele kwenye kiti. Mtu ambaye hata mahubiri huyasikiliza ameegemea nyuma! Nikajiambia Imali umeshinda. Nje radi ikagonga mara moja, nikaipuuza, nikahesabu, nikakata taa zote.

Nikavua viatu, nikatembea hatua zangu kumi na mbili, nikapiga magoti, nikachomoa plagi. Na wakati ule ule mvua ikafunguka juu ya mabati.

Sasa nyinyi ni watu wa hapa, niambieni. Umekaa Kakamega mchana saa tisa na kitu, radi imepiga, mvua imemwagika, na papo hapo taa zimezimika zote na muziki umekatika. Utasema hiyo ni sanaa?

"Woooi, stima imeenda!" akasema mtu nyuma, na ukumbi mzima ukaitikia kwa ile sauti ya watu waliozoea.

Kaka yangu hatembei bila tochi. Anayo moja ndefu ya chuma, ya betri tatu, kwa sababu akishuka gari Lumakanda jioni ana mwendo mrefu mpaka nyumbani, na hata ndani ya suti ilikuwemo. Akaitoa, akaiwasha ili amtafute mtoto wake. Ikanikuta mimi. Ikanikuta upande ule ambao hata daktari huomba ruhusa kwanza.

"Imali!" akaita, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. "Umeanguka?"

Mtu mwenye akili angeinuka akaondoka. Mimi nikapata wazo. Nikajiambia hawa watu hii densi hawajawahi kuiona, hawajui nani yumo na nani hayumo, nikijisogeza polepole kama wale wasichana watadhani na mimi nimo. Basi nikiwa pale pale magotini, tepu mdomoni, nikanyanyua mkono wa kulia juu, taratibu, nikageuza kiganja, nikalaza shingo upande. Na ili jambo likamilike nikanyoosha mguu mmoja nyuma. Ule wa soksi iliyotoboka.

Watu wetu wana roho nzuri, na hilo ndilo lililonimaliza. Hawawezi kuona mwenzao gizani wakakaa tu. Kila mwenye simu aliwasha tochi yake akaielekeza kwangu, nikamulikwa kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kummulika mimi.

"Mama, na huyo ni wa densi?" nikasikia mtoto akiuliza.

"Nyamaza, huyo ni mgonjwa."

Nyuma yangu wasichana walikuwa bado wanaendelea na nyayo na pumzi zao, maskini, kama tulivyokubaliana, ingawa mmoja nilimsikia anacheka kwa pua. Na mimi nikabaki na mkono juu, kwa sababu sikujua densi ile inashukaje.

Halafu mama mmoja mstari wa tatu akaanzisha pambio. Simlaumu. Kanisani kwetu stima ikipotea katikati ya ibada tunaimba mpaka jenereta ishike, hakuna aliyetufundisha, ndivyo tulivyo. Ukumbi ukaitikia kwa makofi. Na Mzee Lubanga, mlinzi wa ukumbi, ambaye jenereta yake ilikuwa imetoka kwa fundi wiki ile na alikuwa anatamani stima ipotee hata kidogo tu aionyeshe, akasikia pambio, akachungulia mlangoni akaona giza na tochi, akakimbia ndani ya mvua akavuta kamba ikashika mara ya kwanza. Akageuza ile swichi kubwa kutoka stima kwenda jenereta.

Lakini stima haikuwa imepotea. Kwa hiyo ni Mzee Lubanga mwenyewe, kwa wema wake, aliyeikata, kitambo cha kupepesa jicho, kisha ikarudi kwa jenereta. Sasa hizi taa zangu za harusi zina tabia moja: zikikatiwa stima ghafla zinasahau kila nilichoziambia, zinarudi kwenye akili ya kiwandani, na akili ya kiwandani ni kusikiliza sauti na kucheza nayo. Sauti iliyokuwepo ni pambio, makofi, na mvua juu ya mabati.

Ziliwaka zote. Nyekundu, kijani, buluu, zambarau, zinarukaruka kwa kila kofi. Ukumbi ukapiga vigelegele. "Jenereta imeshika!" Pambio likapanda juu, taa zikaongeza mbio, akina mama wawili wakainuka na kuanza kutikisa mabega, na Ayuma na wenzake wakasimama katikati ya ile disko ya Bwana wakiwa na nguo zao za kijivu, hawajui waende wapi. Nikamtazama kaka. Alikuwa ameketi wima, begi limerudi kwapani.

Nilikimbia. Bodi nikaibonyeza kila mahali, haisikii. Ndipo nikafanya uamuzi wa pili wa siku hiyo, nikaushika ule waya mkubwa unaolisha kila kitu, nikauvuta kwa mikono miwili na hasira yote. Ukatoka. Ukatoka pamoja na kisanduku chake cha ukutani na kipande cha plasta. Taa zikafa, maiki ikafa, spika ikafa.

Na hapo rafiki yangu Shitanda, Mungu ambariki, akakumbuka swali lake la asubuhi na akaamua kuniokoa. Akapanda juu ya kiti akapaza sauti:

"Wapendwa, tulieni! Zimeni simu! Hii giza ni ya densi! Imepangwa!"

Dakika tano kabla ingekuwa kweli. Saa hiyo ilikuwa uongo mtupu. Lakini walimwamini. "Aaah, kumbe!" Pambio likanyamaza, wale akina mama wakakaa, na tochi zikazimwa moja moja, mstari kwa mstari, kwa utii mkubwa. Likabaki lile giza langu la nailoni, zuri kabisa, na hakuna chochote ukumbini cha kuliondoa.

Nikaketi sakafuni nyuma ya pazia na ile plagi mkononi, vipande vya plasta magotini. Nikafikiria kwamba Ayuma yuko pale katikati, hana taa, hana muziki, baba yake ameshaona disko na pambio na mimi dada yake nikinyoosha mguu, na aliyemwita aje aone ni mimi. Nikalia. Tena safari hii sikusingizia vumbi.

Kisha nikaona mwanga unapita kwenye ukingo wa pazia. Nikachungulia. Tochi moja haikuwa imezimwa.

"Mzee, zima tochi," msichana wa kukalisha wageni alikuwa anamnong'oneza. "Wamesema hiyo giza ni ya densi."

"Mtoto wangu yuko huko ndani ya giza," kaka akasema, wala hakunong'ona. "Sizimi."

Ayuma alisikia. Ukumbi mzima ulisikia. Akageuka akautazama ule mwanga, wenzake wakarudi nyuma kama ilivyopangwa, na akaanza sehemu ya tatu. Bila muziki, mvua tu juu ya mabati. Mwanzoni tochi ilikuwa inatetemeka, inamulika goti wakati yeye ameshafika kwingine, lakini baadaye kidogo ikajifunza. Akiinama inainama. Akizunguka inamsubiri amalize. Alipokimbilia kushoto kaka aliinuka kwenye kiti akasogea naye, suti na yote, begi likaanguka chini na hakuliokota. Mimi nilikuwa nimefanya mazoezi ya sehemu ile wiki tatu, nina daftari, na sikuwahi kumfuata hivyo.

Mwishoni Ayuma hulala chini, na taa inatakiwa kufifia polepole kwa kuhesabu mpaka nane. Akalala. Tochi ya kaka haifahamu kufifia. Ikabaki imemwangaza, naye amelala, sisi tumetulia, hakuna anayekohoa. Sekunde zikapita nyingi. Mwishowe Ayuma akasema kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa:

"Baba, zima."

"Inuka kwanza," kaka akasema.

Akainuka. Ndipo akazima. Na makofi yaliyopigwa pale ndani ya giza mimi sijawahi kuyasikia harusini wala kwingine.

Tulikuja kumkuta kaka barazani, chai mkononi, anatazama mvua ikipungua. Mimi nilitangulia kusema pole, nikaanza kueleza habari za swichi na jenereta, akanizuia kwa mkono. Ayuma alikuwa amesimama kando yangu bado anahema, na nilihisi vidole vyake vimeshika kikwapa cha blauzi yangu kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo.

"Hiyo ngoma yenu sijaelewa ata kidogo," kaka akasema. "Lakini nimeshika tochi tu, na mkono yote inauma mpaka huku kwa bega. Sasa yeye mwenye alikuwa anaruka?" Akanywa chai. "Hiyo ni kazi."

Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sababu siwezi kunyamaza, mnanijua.

"Na begi, kaka?"

Akalitazama. Lilikuwa na alama ya kiatu cha mtu.

"Mama yake ataniuliza kwa nini narudi nayo tupu," akasema. "Nitamwambia mtoto hajamaliza kazi."

Basi mimi nikaweka nadhiri zangu, na nyinyi mashahidi. Giza lolote nitakalolipanga katika maisha haya litatangazwa mlangoni, litatangazwa jukwaani, na Mzee Lubanga atapelekewa habari zake mkononi na kikombe cha chai. Sitasema tena kwamba sanaa haielezwi. Nitaieleza mpaka watu waombe nipumzike. Sitapanda jukwaani kwa sababu yoyote isipokuwa moto, na hata huo moto nitauendea nimevaa viatu. Mwezi uliopita Ayuma alianza kupanga onyesho lingine, nikamfuata na daftari langu jipya, nikamwuliza, kwa adabu ya fundi aliyekwisha kuaibika, sehemu ya mwisho angependa tuweke taa gani. Akacheka, akanifungia daftari.

"Hiyo sehemu iache, senje," akasema. "Baba ameshanunua betri."